Nilihesabu Mji Siku Wenyewe Hawapo

Ndugu wasomaji, kosa ni langu na sikusukumwa na mtu. Nasema hivyo mapema kwa sababu wengi wanaoandika ukurasa huu wa kukiri makosa huanza kwa kumlaumu shetani, au mke, au pombe. Mimi pombe sinywi, mke wangu hajui lolote, na shetani sikumwona siku ile. Nilikuwa peke yangu na daftari, kalamu, na akili zangu timamu.

Jina langu sitalitaja. Jueni tu kwamba mimi ni karani katika ofisi moja ya serikali hapa Mtwara, mtu mzima, baba wa watoto. Nililelewa na mama mkubwa, dada yake mama yangu, kwa kuwa mama alifariki nikiwa bado sijaanza shule. Kwetu sisi dada wa mama ni mama, hakuna neno jingine, kwa hiyo humu nitamwita mama.

Mama alikuwa mjane kutoka Msimbati. Alipofiwa na mume alikuja mjini, akapata nafasi kwenye safu ya akina mama waliouza vyakula kando ya barabara kubwa, katikati ya mji, baina ya maduka na ofisi. Yeye aliuza ming'oko. Kwa msomaji wa mbali asiyeijua, ni mizizi ya porini, myembamba, inachemshwa na chumvi, unaimenya unakula. Wenzake waliuza mihogo, korosho, samaki wa kukaanga. Kila mmoja alikuwa na kibanda cha makuti kisicho na mlango, na jioni alibeba sufuria yake akaondoka. Kwa sufuria hiyo ya ming'oko mimi nilisoma mpaka darasa la nane na shati langu halikuwahi kukosa kifungo.

Anayeijua Mtwara anajua mji wetu ulivyo. Waingereza waliuchora wakitegemea karanga, wakakata barabara pana kana kwamba watu wa dunia nzima wako njiani wanakuja. Karanga zikashindikana, watu hawakuja, barabara zikabaki. Kati ya duka na duka kuna nyasi. Mbuzi analala katikati ya barabara na dereva ndiye anayemzunguka.

Ile safu ya akina mama ndiyo iliyokuwa mji wenyewe. Saa sita mchana makarani walikwenda pale, na makuli wa bandarini, na mafundi, na watu wa kijiji cha Ziwani waliokuja kumwangalia mgonjwa hospitali. Habari zote za msiba na harusi ulizipata pale. Lakini nasema hivi leo. Wakati ule nilikuwa naona nyasi, mbuzi na makuti, basi.

Maradhi hayo niliyapata Tanga. Ofisi ilinipeleka huko kwenye mafunzo ya miezi kadhaa, nikatembea katika mitaa yenye maduka yaliyoshikana ukuta kwa ukuta, baraza ndefu, baiskeli mpaka unakosa pa kupita. Niliipenda Tanga kwa namna ya kujidharau. Kila nilichokiona kizuri kilinichoma, kwa sababu nilikuwa nakipima na kwetu.

Wenzangu darasani nao walinipata. Mmoja, mwenyeji wa pale, alikuwa na mdomo.

"Wewe wa Mtwara, hebu tuambie. Ni kweli kwenu mtu akitaka kuvuka barabara anabeba na maji ya kunywa?"

Walicheka, na mimi nikacheka. Ningeishia hapo isingekuwa kitu, utani ni utani. Lakini nilitaka wanione mwenzao, nikaongeza la kwangu. Nikawaambia, "Hayo ya barabara ni afadhali. Katikati ya mji wetu wamekaa vikongwe chini wanauza mizizi."

Walicheka zaidi. Ndugu zangu, kikongwe mmojawapo ndiye aliyenisomesha. Nilikula chakula cha jioni siku hiyo bila hata kujisikia vibaya.

Niliporudi haukupita muda ukaja waraka. Kila mji uliagizwa kuandika taarifa ya kulinganisha katikati yake na katikati ya miji mingine ya kadiri yake. Sisi tulipangiwa Tanga, Lindi na Songea. Mkubwa wangu wa kazi hakufikiri mara mbili, akaniita.

"Wewe umeiona Tanga. Kazi hii ni yako."

Nilivimba kichwa. Sasa sikilizeni nilivyolinganisha.

Tanga niliiandika kwa kumbukumbu, nikachagua siku za mwisho wa mwezi, wafanyakazi wa mkonge wanapoingia mjini na mishahara yao na hakuna pa kuweka mguu. Lindi nilikuwa nimepita siku meli imetia nanga, watu wamejaa, nikaiandika hivyo hivyo. Songea sijafika mpaka leo. Nilimuuliza dereva wa lori aliyetoka huko, naye alikuwa na haraka.

Halafu nikaandika maoni ya mwisho. Niliyaandika kabla sijatia hata mstari mmoja kwenye ukurasa wa Mtwara. Niliandika kwamba miji ya wenzetu imepiga hatua, katikati yake ina maduka na bustani, wakati kwetu eneo zuri kuliko yote limekaliwa na vibanda vya makuti visivyo na maana. Nikashauri viondolewe, pajengwe bustani ya duara yenye maua, na wenye vibanda wakafanye kazi za uzalishaji vijijini. Maneno hayo yalikuwa ya wakati. Nilijua yatapendwa.

Ulibaki ukurasa wa Mtwara. Palitakiwa hesabu: vibanda vingapi, vinavyotumika vingapi, watu wangapi wanapita saa sita mchana. Mkubwa alitaka taarifa mezani Jumatatu. Nilikuwa na wiki nzima, na ningeweza kuhesabu siku yoyote. Nilichagua Jumamosi.

Jumamosi ile binti wa dada yangu alikuwa anatolewa unyagoni. Naye mama ndiye aliyemlea, kama alivyonilea mimi, na ngoma ilikuwa yake. Akina mama wote wa ile safu walikuwa wameahidi kumsindikiza mwenzao, na hakuna hata mmoja ambaye angechemsha chochote siku hiyo. Hiyo ndiyo desturi yetu, msimu wa ngoma unajulikana, na kila mtu wa Mtwara anajua ukikuta mji kimya siku kama hiyo watu hawakuhama, wameenda kumtoa mwali.

Na mimi ni mjomba. Wasomaji wa kwetu wameshaelewa. Kwetu mtoto ni wa ujombani, na mwali hatoki vizuri bila mjomba wake kusimama mbele za watu na kumvika kanga mpya. Kanga niliinunua. Nikampa mke wangu aipeleke.

Mama alinifuata asubuhi, amekwisha kujifunga.

"Baba, unakuja saa ngapi?"

"Mama, nina kazi ya serikali."

"Jumamosi?"

"Imeagizwa kutoka juu."

Alinitazama kidogo, akasema, "Haya. Kazi ya serikali ntu haikatai. Ukimaliza njoo, hata ukichelewa tutakungoja." Waliningoja, nilikuja kuambiwa baadaye, mpaka mtoto akalia kwa kusimama juani.

Saa sita nilisimama katikati ya mji na daftari. Vibanda vilikuwa vitupu mwanzo hadi mwisho. Ngoma ilikuwa inasikika kutoka upande wa mtaani kwa dada. Akapita kuli mmoja wa bandarini, mtu niliyezoea kumwona pale akila, akasimama akashika kiuno.

"Karani, leo hawapo?"

"Hawapo."

"Aa, kweli. Wameenda kwenye mwali wa bibi wa ming'oko." Akanitazama. "Si kwenu kule? Wewe hukwenda?"

Niliinamia daftari nikaandika: vibanda vyote havitumiki. Wapita njia nikamwandika yeye, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, na mtu wa baiskeli. Ukiweka ukurasa huo kando ya ule wa Tanga ya mwisho wa mwezi, hata kipofu angesema Mtwara imekufa.

Msifikiri sikujua. Nilijua. Nilijiambia kwamba sikuwa naandika uongo wowote, kwa kuwa nilichoandika ndicho kilichokuwa mbele ya macho yangu. Nimeishi na maneno hayo miaka hii yote na bado yananichefua.

Taarifa ilipita. Mkubwa alinisifu mbele ya wenzangu, akasema huyu ndiye kijana anayeitakia mema Mtwara. Miezi michache baadaye akina mama waliambiwa waondoe makuti yao. Zamani hizo ndizo watu walizokuwa wakihamishiwa vijijini, na ofisi zilikuwa zinaorodhesha wasiokuwa na kazi inayoeleweka mjini. Akina mama wale waliingizwa kwenye orodha kwa hoja nyepesi, kwamba vibanda vyao vilikwisha kuonekana havitumiki.

Mama hakupangiwa Msimbati alikozaliwa, walau angekaa na ndugu na harufu ya samaki. Alipangiwa kijiji cha ndani, juu huko kupita Nanyamba, kwa kuwa marehemu mume wake alitokea upande huo. Yeye huko hakuwahi kulala hata siku moja.

Walikuja ofisini, yeye na wenzake wanne. Nilikuwa kwenye meza yangu, mlango wa mkubwa uko wazi. Hawakupiga kelele. Mama ndiye aliyesema.

"Bwana mkubwa, shikamoo." Mkubwa alikuwa wa umri wa kuwa mwanawe, lakini alimwamkia. "Tumesikia tumeandikwa hatufanyi kazi. Sisi tunafanya kazi kila siku. Hata nyie hapa nnakula kwetu. Kama huamini, nwulize huyu. Huyu ni ntoto wetu, anajua."

Mkubwa akageuka kunitazama. "Wewe ndiye uliyekwenda kuhesabu. Vibanda vilikuwa na watu au havikuwa na watu?"

Ndugu msomaji, pale ndipo nilipopewa nafasi. Neno moja lingetosha. Ningesema, "Mzee, siku ile walikuwa ngomani, na ngoma yenyewe ilikuwa ya nyumbani kwetu." Ningepata aibu, pengine ningepelekwa ofisi nyingine, pengine ningenyimwa cheo. Hayo tu.

Nikasema, "Siku niliyopita mimi, havikuwa na watu."

Akina mama wakatazamana. Mmoja alifungua mdomo, mama akamshika mkono, wakatoka.

Niliwafuata mpaka nje. Nilidhani atanitemea mate, na nilitaka anitemee. Mama alinivuta pembeni, akanirekebisha kola ya shati.

"Usihuzunike, baba. Najua umetutetea huko ndani kwa siri. Mbele ya mkubwa wako huwezi kusema, utapoteza kazi na watoto watalala njaa. Sisi tumekuelewa."

Ningependa kuandika kwamba nililia nikamweleza kila kitu. Nilisema, "Ahsante, mama." Nikarudi ndani.

Lori liliwachukua wiki ile ile. Mama alipanda na sufuria, mkeka na godoro. Makuti yalichomwa. Bustani ya duara ilijengwa, ukingo wa saruji ukapakwa chokaa, maua yakapandwa. Maji ya kumwagilia hayakuwa ya kutegemewa, na mbuzi walimaliza maua kabla mvua hazijaanza. Likabaki duara la mchanga mweupe jua linapowaka, hakuna anayekaa hapo, hata mbwa.

Saa sita mchana makarani tukawa tunazunguka na njaa. Wenye duka nao wakawa wanafunga mchana kutwa kwa kuwa hakuna mtu anayepita tena. Mwaka uliofuata alikuja mgeni wa kikazi kutoka Tanga, yule yule mwenye mdomo niliyesoma naye. Nilimtembeza. Tukafika penye duara, tukasimama, akaangalia huku, akaangalia kule, akaniuliza kwa upole kabisa, bila utani, "Sasa mjini kwenyewe ni wapi?"

Tulikuwa tumesimama mjini kwenyewe. Nikamwambia bado mbele kidogo.

Kijijini kwa mama maji ni ya kufuata bondeni, mwendo mrefu wa kushuka na mrefu zaidi wa kupanda na ndoo kichwani. Mwanamke aliyezoea kukaa chini kando ya sufuria akiongea na watu alianza kubeba ndoo uzeeni. Nyonga ikamharibika. Sasa anatembea kwa kujishika ukutani. Ming'oko huko iko, lakini kila mtu anachimba yake, nani atanunua kwa nani?

Nilikwenda kumwona. Nilikwenda kwa nia ya kukiri, nimejiandaa njia nzima, maneno nimeyapanga. Nilipofika aliita majirani wakajaa uani, wakaletewa viti. Akasimama akijishikilia bega langu.

"Huyu ndiye mwanangu ninayewaambia. Huyu alitutetea kule mjini mpaka mwisho, ni basi tu walimshinda."

Mzee mmoja alinyanyuka kutoka kitini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia Mungu anizidishie. Nikaketi. Wakaleta chakula, nikala. Nilikula chakula cha mtu niliyemfukuza mjini, nikasifiwa huku natafuna. Aliyekuwa akinipakulia ni yule mpwa wangu, mwali wa siku ile, mwanamke kamili sasa. Alifuatana na mama ili amchotee maji. Yeye hakunisifu. Aliniwekea sahani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, siku ile ulikuwa na kazi gani hasa?" Nikamwambia nimesahau.

Niliondoka bila kukiri, na safari hiyo sikuirudia.

Mkinikuta mtaani mtaniona mtu wa kawaida. Cheo nilipata. Nina nyumba ya bati. Lakini mchana sitoki ofisini, nakula mkate mezani, kwa sababu nikitoka lazima nipite pale. Mke wangu huniuliza mbona sicheki tena. Dada yangu hunisalimia kwa adabu, namna mtu anavyomsalimia afisa. Na mwenye kosa lake hana hata wa kumnung'unikia.

Nawaonya nyie mlioko maofisini, vijana mnaotumwa kwenda kuuangalia mji wenu na kuulinganisha na ya wenzenu. Kulinganisha si kosa, na Tanga ni mji mzuri, sina ugomvi nayo. Lakini kabla hujaandika mahali hapana watu, uliza walikokwenda. Na kama unajua walikokwenda, na wewe ulitakiwa kuwa huko, weka kalamu chini uende. Usiandike hukumu kwanza halafu ukatafute siku ya kuithibitisha. Siku hiyo utaipata tu, haikosekani.

Na ukija ukaulizwa, jibu siku hiyo hiyo. Mimi nilidhani nimenyamaza mara moja. Kumbe kila mwezi inabidi ninyamaze upya, na inazidi kuwa ngumu.

Kuna jambo moja la mwisho, ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Kijijini kule wameanzisha kisomo cha watu wazima, na mama ameingia darasani na nyonga yake hiyo. Miezi mitatu iliyopita nilipata barua, ya kwanza maishani mwake, herufi kubwa zinazopanda na kushuka mstarini. Ameandika: MWANANGU SASA NINASOMA MWENYEWE. HUKU HATUNA VITABU. NILETEE MAGAZETI HATA YA ZAMANI.

Tangu hapo kila Jumamosi namtumia gazeti hili kwa dereva wa lori la korosho linalopanda Nanyamba. Ananiandikia kwamba anayasoma yote, hata matangazo ya vifo vya watu asiowajua, na akimaliza anawasomea wenzake kwa sauti.

Jina sikuweka, lakini yeye hatalihitaji. Mhariri akiichapa barua hii, nitaifunga na mengine kama kawaida na kumpa dereva. Ukurasa huu sitauchana.